Mtwara hadi Mbamba Bay kwa pikipiki mwezi wa 7: njia, mafuta, vipuri na mteremko wa Mbinga

Nahodha_wa_Shangani

Wakuu, habari za majukumu.

Mwezi wa 7 tunatoka Mtwara mjini kwenda Mbamba Bay kwa pikipiki. Nia kubwa ni ile barabara ya milima ya Umatengo, kuanzia Mbinga kushuka Ziwa Nyasa. Tuko wawili na pikipiki mbili, Boxer 150 na TVS 125. Zote ni za matembezi, siyo za biashara, na hazijawahi kutoka nje ya mkoa. Kila mtu ana begi moja na blanketi, abiria hakuna.

Mwenzangu anataka tupite Tandahimba na Newala ili aone Shimo la Mungu. Mimi nasema tupite Mingoyo, upande wa Lindi. Naomba msaada: njia ipi, tulale wapi, mafuta tujaze wapi, tubebe vipuri gani, na ule mteremko wa Mbinga unahitaji maandalizi gani? Majibu ya kina tafadhali, msinionee huruma kwa urefu.

---

Mzee_wa_Lami

Mkuu, pita Mingoyo. Ukipita huko ni lami mwanzo mwisho. Umbali unakwenda hivi: Mtwara hadi Masasi kama km 200, Masasi–Mangaka 54, Mangaka–Tunduru 137, Tunduru–Namtumbo 188, Namtumbo–Songea kama 70, Songea–Mbinga kama 100, halafu Mbinga–Mbamba Bay 66. Jumla km 815 hivi, kwenda tu.

Gawanyeni siku tatu. Siku ya kwanza Tunduru, ya pili Songea, ya tatu Mbamba Bay. Siku ya kwanza ndiyo ndefu, karibu km 390, lakini tambarare yake ni kubwa na mji haukauki: Mtama, Nyangao, Nanganga, Ndanda, Masasi, Mangaka. Mkiondoka saa 12 asubuhi na kutembea 60 hadi 65 kwa saa, Tunduru mnafika saa 9 au saa 10 mkiwa mmekula na kupumzika. Mkiona mmechoka kabla ya saa 8 mchana, laleni Mangaka, msijilazimishe.

Kuna jambo watu hawalihesabu kabisa: safari yote mnaelekea magharibi. Kuanzia saa 9 alasiri jua liko usoni, na kioo cha helmeti chenye mikwaruzo kinawaka chote hadi huoni tuta. Badilisheni kioo kabla ya kuondoka. Plasta nyeusi yenye upana wa vidole viwili juu ya kioo inakinga jua la jioni vizuri kuliko miwani ya giza, maana miwani hiyo itawatesa mkiingia kwenye kivuli cha miti.

Mafuta. Boxer 150 ina tanki la lita 11. Ikiwa na mzigo na upepo wa mbele, hesabu km 35 kwa lita, usihesabu zile 45 au 50 za kwenye matangazo. Kwa hesabu hiyo kila pikipiki inahitaji kama lita 23 kwenda. Pengo refu ni Tunduru hadi Namtumbo, km 188, yaani lita 5 na nusu hivi. Tanki lililojaa Tunduru linawafikisha Songea na chenji inabaki. Kwa hiyo hakuna haja ya kubeba dumu, na petroli ya kwenye chupa za barabarani iacheni: ikichanganywa na mafuta ya taa, injini inagonga mlimani na plagi inapata masizi. Jaribuni koki ya resavu kabla ya safari. Pikipiki nyingi za mjini koki imeganda upande mmoja miaka yote, ukiizungusha porini inavuja.

Sasa malori. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilaya ya Mbinga, yanasafirishwa kwa barabara hiyohiyo hadi bandari ya Mtwara. Mkiwa mnakwenda, yaliyobeba mtakutana nayo uso kwa uso, na yanayotoka nyuma yenu ni matupu. Haya matupu ndiyo ya kuogopa, yanakimbia. Saiti mira zote mbili ziwepo na zikazwe, mtazame nyuma kila baada ya sekunde chache. Lori likija mbele yenu, kwanza upepo wake unakusukuma nje, likishapita unakuvuta ndani. Bana tanki kwa magoti, inama kidogo, legeza viwiko, usikabe usukani. Ukikaza mikono, kila msukumo unaingia kwenye tairi la mbele. Msitembee pamoja ubavu kwa ubavu hata kama barabara ni nyeupe. Acheni mita 50 hivi kati yenu ili lori lipate pa kuingia likiwapita mmoja mmoja.

Mkiona matawi ya miti yametandazwa kwenye lami, mbele kuna gari limekufa, mara nyingi kwenye kona au kilele cha mlima. Punguzeni hapohapo. Msisubiri kuliona gari lenyewe.

Usiku msitembee kati ya Tunduru na Namtumbo. Ile ni shoroba (njia) ya wanyama kati ya hifadhi ya Selous ya zamani na ile ya Niassa ya Msumbiji, na tembo wanavuka barabara. Mkiwaona, simameni mbali, mita 100 au zaidi, msipige honi, msijaribu kupenya katikati ya kundi hata mkiona nafasi. Mtoto akiwa upande mmoja na mama upande wa pili, nafasi hiyo siyo yenu.

---

Fundi_Mikindani

Mzee wa Lami kamaliza njia. Mimi naingia kwenye chuma, na naanza na breki kwa sababu ndizo zitakazoamua safari hii. Kupanda, hata pikipiki mbovu inapanda, inachelewa tu. Kushuka ndiko kunakoumbua.

Boxer na TVS za kawaida zina breki za drum mbele na nyuma, yaani ngoma ya chuma ambayo shuu zinaibana kwa ndani. Drum ikipata joto inapanuka, inakimbia breki shuu, kwa hiyo mkono wa breki unaingia ndani zaidi kuliko asubuhi. Joto likizidi, uso wa shuu unang'aa kama kioo na haukamati tena hata ukikanyaga kwa nguvu zote. Huyo ndiye adui wenu kule Mbinga.

Fungueni magurudumu yote mawili wiki mbili kabla, siyo jioni ya kuamkia safari. Shuu zikiwa zimeisha au zinang'aa, wekeni mpya. Zikiwa na nyama ya kutosha, zisugueni kwa msasa hadi ule mng'ao utoke, futeni vumbi ndani ya drum kwa kitambaa kilicholowa, msipulize kwa mdomo. Kaeni nazo mjini hizo wiki mbili ili shuu zikae sawa na drum. Shuu mpya kabisa inashika sehemu ndogo tu ya uso wake. Ukiipeleka mlimani siku ya kwanza, sehemu hiyo ndogo inabeba joto lote.

Pikipiki nyingi zina mshale mdogo pale mkono wa breki unapoingia kwenye sahani ya drum. Kanyaga breki hadi mwisho, utazame mshale umefika wapi kwenye alama. Ukivuka alama, shuu imekwisha, hata kama fundi wa kijiweni anakuambia kaza nati twende. Breki ya mbele iachie nafasi ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, ya nyuma milimita 20 hadi 30 kwenye pedali. Isiyo na nafasi kabisa inashika muda wote na kuchemka bila wewe kujua. Jaribio lake: nyanyua pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu kwa mkono, lizunguke huru.

Cheni: zungusha gurudumu utafute sehemu iliyokaza zaidi, hapo ndipo pa kupimia, milimita 25 hadi 30 juu na chini katikati. Kisha mwambie mtu akae na mzigo uwepo, upime tena. Ikiwa imekaza kama waya wa gitaa, legeza. Cheni iliyokaza inakula beringi na spoketi. Meno ya spoketi yakilala upande mmoja, badilisha seti nzima, cheni na spoketi zote mbili. Ukiweka cheni mpya kwenye spoketi ya zamani umetupa pesa. Loki ya cheni: ule upande uliozibwa wa klipu utazame mbele, uelekeo cheni inakokwenda. Ukigeuzwa, jiwe au tawi linaichomoa.

Oili wekeni ya pikipiki, 20W-50 yenye alama ya JASO MA. Oili nyingi za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze, na mtaligundua hilo mlimani injini inapolia na pikipiki haiendi. Kagueni kila asubuhi pikipiki ikiwa wima, injini imepoa. Bebeni nusu lita ya akiba. Injini iliyotembea sana inakula oili ikikimbizwa siku nzima, hata kama mjini haikuwahi kupungua.

Tairi: nyuma kipara hairuhusiwi safari hii. Upepo psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, pimeni asubuhi kabla ya kutembea. Kijiweni wanajaza kwa kubonyeza kidole, na tairi la nyuma linaishia 40. Tairi gumu namna hiyo linadunda kwenye rasta na kona za mlimani halishiki. Nunueni kipimo chenu.

Vya kubeba kwa pikipiki zote mbili: tyubu mbili za inchi 17 (someni saizi kwenye matairi yenu wenyewe, Boxer na TVS zinaweza kutofautiana), viraka na solusheni, pampu ya mkono, liva mbili, plagi moja kwa kila pikipiki, waya wa klachi na waya wa mafuta, loki mbili za cheni, balbu ya mbele, fyuzi, waya wa kufungia, tepu nyeusi na vipande vya mpira wa tyubu. Waya wa klachi wa akiba usiuweke begini: ulaze sambamba na ule unaotumika, uufunge kwa tepu, ncha zote ziwe tayari na zimezibwa vumbi. Wa zamani ukikatika, kazi ni kubadilisha ncha mbili tu, tanki halifunguliwi.

Na spana. Fungueni eksili ya nyuma nyumbani kwa spana zilezile mtakazobeba. Wengi wanabeba boksi zima la spana, nati ya eksili ndiyo haipo humo.

Mzigo: kilo 15 juu ya keria, basi. Begi lisivuke taa ya nyuma. Uzito ukirudi nyuma, usukani unakuwa mwepesi, na ukipanda kona kali tairi la mbele halina la kushika.

---

Nahodha_wa_Shangani

Fundi, asante sana, nimeandika yote. Swali moja: kuna bodaboda kaniambia Mbinga–Mbamba Bay unaweka fri (gia huru) na kuzima injini, unashuka bure hadi ziwani, unaokoa mafuta. Kuna ukweli? Pia wanasema kule juu kabureta inabidi ifunguliwe kwa sababu ya hewa.

---

Mwana_Ngolo

Nahodha, usithubutu. Naweka maelezo kwa kirefu kwa sababu ushauri huu unasambazwa sana vijiweni.

Mbinga iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko kama mita 475. Mnapoteza zaidi ya mita 800 ndani ya km 66, na si kwa mteremko mmoja ulionyooka: unashuka, unapanda, unashuka tena kwa kona. Ukiweka fri, kazi yote ya kuzuia wewe, pikipiki na begi inabaki kwa breki shuu nne ndogo. Na mafuta unayookoa hayafiki hata nusu lita.

Ukizima injini huku gia imeingia, kabureta inaendelea kuvuta petroli isiyochomwa, inakusanyika kwenye ekzosi. Ukiwasha inalipuka, plagi inalowa. Ukizima ukiwa fri, taa nazo zinategemea betri pekee.

Fanya hivi. Gia chagua kabla ya mteremko, ukiwa bado juu. Kanuni ya zamani inafaa: mteremko unashuka kwa gia ambayo ungeupandia. Kwa pikipiki zenu mara nyingi ni ya 2 au ya 3. Achia mkono wa mafuta kabisa, injini ikushike. Italia, na hiyo ni sawa, mradi isipige kelele ya kupasuka. Ikifika hapo, breki kwanza, mwendo ukipungua shusha gia moja. Usishushe gia katikati ya kona. Achia klachi taratibu, gurudumu la nyuma lisiburuzwe.

Breki kanyaga kwa nguvu kidogo na kwa muda mfupi, mbele na nyuma pamoja, halafu achia kabisa zipoe. Kushikilia breki kidogokidogo kilomita nzima ndiko kunakochemsha drum. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, uingie kona breki zimeachiwa. Ukisikia harufu ya kuungua au mkono unaingia ndani kuliko kawaida, tafuta pa kuegesha, simama dakika 20. Maji usimwage juu ya drum yenye moto, chuma kinaweza kupasuka.

Kwenye kona kaa katikati ya upande wako. Ukiukumbatia mstari wa kati, lori linalokata kona linakukuta kichwani. Ukikaa ukingoni kabisa unakutana na kokoto na udongo uliodondoka kutoka kwenye ukuta wa mlima. Piga honi fupi kabla ya kona isiyoonekana.

Kuhusu kabureta: iacheni. Nguvu inapungua kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Songea na Mbinga mtahisi pikipiki imekuwa nzito kidogo, mtatumia gia moja chini. Mkibadilisha jeti (kitundu kinachopima petroli kwenye kabureta) kule juu, mkirudi Mtwara inakuwa na njaa ya mafuta na injini inachemka. Safisheni kichujio cha hewa tu, ndicho kinachofanya watu waseme hewa ya Mbinga mbaya. Asubuhi tumieni choki, acheni injini ipate joto dakika mbili.

Ondokeni Mbinga saa 3 asubuhi, siyo saa 12. Mwezi wa 7 ukungu unakaa mabondeni asubuhi na lami inakuwa na umande. Faida ya pili ni kwamba mwanga wa saa hizo ndio unaoonyesha vizuri mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa kwenye miteremko kuzuia udongo usioshwe. Ni kipindi cha kuvuna kahawa pia, kwa hiyo tegemeeni watu wenye mizigo na magari madogo yakisimama ovyo. Mkitaka kuangalia, simameni kabisa nje ya lami. Shingo ikigeuka, pikipiki inaifuata.

---

Bi_Chikongola

Wanangu, mmesahau baridi na karatasi.

Mtu wa Mtwara anajua joto. Songea na Mbinga mwezi wa 7 ni baridi ya kweli, na juu ya pikipiki inazidi. Vidole vikifa ganzi, breki ya mbele na klachi unazishika kwa kubahatisha. Bebeni glavu, jaketi lisilopitisha upepo na sweta ndani yake. Gazeti chini ya jaketi kifuani linasaidia sana na halina gharama. Viatu vya kufunika kifundo, ndala zibaki begini.

Karatasi: Boxer 150 imezidi cc 125, kwa hiyo leseni iwe daraja A, A1 haitoshi. Kadi ya pikipiki, bima iliyo hai, kitambulisho. Kama kadi ina jina la mtu mwingine, chukueni barua yake yenye namba ya usajili, mtapita mikoa mitatu na mtaulizwa. Vijijini mwisho ni 50 kwa saa, na vijiji vya njia hii ni vingi.

Maji lita mbili kila mtu. Asubuhi kuna baridi, hamtahisi kiu, lakini upepo unakausha mwili na kichwa kinaanza kuuma saa 7 mkidhani ni helmeti.

---

Likumbi_la_Newala

Natetea Newala kidogo, maana hapa imetupwa haraka. Ukisimama Shimo la Mungu, uwanda wa Makonde unakatika ghafla chini ya miguu na macho yanakwenda hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Hakuna kitu kama hicho kwenye njia ya Mingoyo.

Ila kwa safari hii naungana na Mzee wa Lami. Njia ya Mtwara–Newala–Masasi ni km 210, lami iliyotangulia kukamilika ni zile 50 za kwanza hadi Mnivata, na kuendelea mbele, kama ujenzi haujaisha, ni michepuko, kokoto zilizomwagwa, vumbi laini lenye kina. Kwa tairi za mjini na begi nyuma, mtamaliza nguvu na kichujio cha hewa kabla hata hamjafika Masasi, na bado kuna Tunduru siku hiyohiyo. Mwambie mwenzako Newala ipewe wikiendi yake. Akikataa, basi laleni Newala na mwongeze siku, halafu msafishe vichujio Masasi na kukaza spoki.

---

Nahodha_wa_Shangani

Shikamoo Bi Chikongola, na asanteni wote. Tumekubaliana Mingoyo, Newala tutaipangia Agosti. La mwisho kwa Fundi: tukifika Mbamba Bay, kuna cha kufanya kwenye pikipiki kabla ya kurudi?

---

Fundi_Mikindani

Kipo. Mtafika breki zimelegea na mtatamani kukaza palepale. Msikaze zikiwa na moto. Drum yenye joto imepanuka, ukikaza wakati huo, ikipoa usiku inajifunga kwenye shuu na asubuhi mtapanda Mbinga huku breki zimeshika, mkidhani injini imechoka. Kazeni asubuhi yake, zungusheni magurudumu kwa mkono, muache ile nafasi niliyotaja.

Cheni pakeni mafuta jioni mkifika, bado ina joto, yanapenya vizuri. Pimeni oili asubuhi. Gongeni spoki moja moja kwa spana, inayotoa sauti ya kufa imelegea. Na kumbukeni kurudi mambo yanageuka: malori yaliyobeba makaa yatakuwa mbele yenu, yanapanda polepole na kufunika barabara kwa moshi. Msiyapite kwenye mlima wala kwenye kona. Kaeni nyuma mita 30, pembeni kidogo ili dereva awaone kwenye kioo chake, msubiri barabara inyooke.